Mteja wa Chupa Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeaibika kwenye duka la dawa. Nilikwenda kutafuta dawa ya kikohozi, nikakuta wanawake wanne kwenye foleni. Kila mmoja akifika mbele anainama, ananong'ona, anapewa kikopo chenye picha ya kitunda chekundu, anakizamisha kwenye mkoba kama kakiiba. Mimi kitu cha kunong'onwa siwezi kukiacha kipite. Nikamuuliza mfamasia hicho kikopo ni cha nini. Nilidhani nimeuliza kwa sauti ndogo. Sauti yangu ndogo, anasema mke wangu, inasikika mtaa wa pili.

Mfamasia ni binti mwenye miwani minene. Jina lake silijui, namwita Miwani. Akanijibu wazi, hata hakupepesa: ni vidonge vya kranberi, mzee, vya akina mama wanaosumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ile yutiai. Vinaweza kuwasaidia baadhi yao isiwarudie mara kwa mara. Alikuwa bado anaeleza, ndiyo kwanza amefika kwenye "lakini", wanawake wote wanne wakageuka kunitazama. Mmoja alikuwa ananyonyesha, akajifunika. Nikatoka kinyumenyume. Kikohozi nimerudi nacho.

Jioni. Aibu imepoa kidogo, akili bado ya moto. Wanawake wanne kwa robo saa. Na mimi ni nani? Mimi nimefanya kazi hospitali miaka thelathini na moja. Kazi yangu ilikuwa kubeba vichupa vya mkojo kutoka wodini kupeleka maabara. Shule niliishia darasa la tano, lakini mikojo niliyoiona mimi hakuna daktari aliyeiona. Mtaani wananiita Dokta Kichupa. Wanadhani wananitania.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimelala nikiwaza kranberi. Hakuna anayeijua. Kinyozi, rafiki yangu, anasema labda ni ukoo wa pilipili. Mimi nikamweleza kwamba jina si kitu, kitu ni wekundu. Chekundu kinasafisha damu, damu ikisafika mkojo nao unasafika, bomba ni moja. Kinyozi akaacha mashine hewani, kichwa cha mtu kimenyolewa nusu, akasema: "Wewe uliyekula mshahara miaka yote kwa kubeba mikojo, leo unataka kuikausha?" Wakacheka wote, hata yule wa nusu kichwa. Nikacheka nao. Moyoni niliona haya. Halafu kinyozi akaniuliza mimi mwenyewe usiku naamka mara ngapi. Nikamwambia hayo si maneno ya mbele za watu, nikaondoka.

Sokoni kitu chekundu kuliko vyote ni bitiruti. Nimerudi na nusu gunia.

Serikali akataka kujua za nini. Serikali ni huyo mke wangu: hakupigiwa kura na hatoki madarakani. Nikamwambia za kuongeza damu. Akanitazama kama anayeitafuta hiyo damu. Akasema kama ni kuchemsha nichemshie kwenye sufuria kuukuu ya kuchemshia nguo, zake nisiziguse.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, Serikali na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Mwanangu anafunga nyaya za umeme kwenye minara huko mbali, akiondoka tunamwona baada ya miezi. Mkwe ana mimba ya miezi sita. Mtoto mpole, ananiita Baba. Lakini mkwe ni mkwe. Nikitaka kupita uani nakohoa kwanza. Akitoka chooni mimi natazama ukuta. Neno lolote la kuanzia kitovu kushuka chini halitamkwi tukiwa naye. Nikiwa na jambo lake nalipitisha kwa Serikali, kama barua.

Sasa jioni mezani nilijisahau. Nilijitia ujuzi, nikasema maradhi ya mkojo yanawakamata wanawake wasiojisafisha. Nililisikia hospitali, sikumbuki kwa nani, pengine kwa dereva. Serikali akauliza tangu lini hayo yakawa maneno ya mezani. Mkwe akauacha mkate wake, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo sisi bado tulikuwa tunavilia. Nikajua nimeharibu. Nimeliandika hapa nisije nikarudia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Dawa imepatikana. Bitiruti, tangawizi, vitunguu saumu, ndimu, asali. Nimechuja kwa kitambaa cha fulana. Nimeonja. Ina ladha ya udongo uliotubu. Chupa kumi na mbili za juisi zimejaa, nyekundu hadi zinatisha. Hicho kikopo cha Miwani kikiziona kitageuka rangi.

Akili yangu kubwa lakini si dawa, ni dirisha. Stoo yetu ina dirisha linalotazama kichochoro cha nyuma. Nimetundika pazia zito ndani, chupa nimezipanga nje kwenye ukingo. Mimi simwoni mchukuaji, mchukuaji hanioni. Miwani anawasimamisha kwenye foleni, macho kwa macho. Kwangu unanyoosha mkono tu, unachukua chupa, unaacha kitu chochote cha nyumbani, unakwenda zako. Chupa tupu utairudisha. Juu nimeandika ubao kwa chaki:

MKOJO UNAUMA? USISEME. CHUKUA.

Hilo USISEME nimelipigia mstari mara mbili. Mwanamke atalipenda.

Kufikia alasiri chupa nne zimekwenda. Wameniachia viberiti viwili, kitunguu kimoja, vifungo sita vya shati, na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa kisu chenye meno. Vifungo najua ni vya nani, mtaa huu una fundi wa cherehani mmoja tu. Siri yake imevuja siku ya kwanza, nami namhifadhia. Mali yote nimeificha kwenye sanduku langu chini ya kitanda. Serikali akiona vifungo atauliza, na mimi nikiulizwa najibu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku mbaya. Asubuhi fundi wa cherehani alisimama kichochoroni, futi kamba shingoni, akaliita dirisha langu kwa jina langu la utani. Akasema nimemuua. Akasema amekojoa damu, na kwamba cherehani ameshamwandikia dada yake kwenye wosia, na mimi nijiandae kwenda kuishi na wauaji wenzangu.

Nikashika pipa la stoo. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi jana, baada ya kuonja onja, niliona wekundu chooni nikasimama pale nimeduwaa, nikihesabu dhambi. Ni bitiruti. Bitiruti inaingia nyekundu na inatoka nyekundu, haina jingine.

Ningemwambia hivyo tu yangeisha. Lakini nikitaja bitiruti si nimetoa siri ya dawa? Kila mwanamke ana sufuria kwake. Basi nikatoa kichwa nje ya pazia nikatangaza, kwa ile sauti yangu, kwamba wekundu huo ni uchafu unatoka. Ukiona nyekundu, ushukuru, uendelee.

Akasema: "Sasa si ungeandika kwenye ubao, baba wewe?" Akachukua chupa nyingine.

Nikaongeza kwenye ubao: UKIONA NYEKUNDU USIOGOPE. Nilipogeuka kupitia uani, nikamkuta mkwe anaanika nguo, hatua tano kutoka dirishani. Alisikia yote. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaibana shuka ile ile kwa vibanio vinne vitano. Baba mkwe mzima, napiga kelele za mikojo ya wanawake kichochoroni. Nilirudi stoo nikakaa juu ya viazi mpaka chai ikapoa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wateja wanapungua, lakini nimepata mmoja wa maana. Yule wa sabuni. Tangu Jumatano ameshachukua chupa nne, na kila mara anaacha kipande cha sabuni, kimekatwa kwa kisu kile kile cha meno. Ni nani? Sijui na sitaki kujua, ndiyo biashara yangu ilivyo. Ila ni mtu mwenye adabu. Chupa tupu anazirudisha zimeoshwa, zimefutwa, zimesimama mstari mmoja kama askari.

Leo nimemtilia asali zaidi ya wengine. Nikafunga na kikaratasi shingoni mwa chupa: Kwa mteja wetu mpendwa.

Serikali analalamika kuhusu sabuni. Anasema mche wa jikoni unakwisha kama unaliwa. Alinitazama mimi. Nikasema labda panya. Akasema panya wa nyumba hii wangekuwa wasafi mno. Mkwe alikuwepo, hakuinua macho. Nilitaka kumwonea huruma Serikali, nimpe vipande vyangu kutoka sandukuni, mimi ninavyo vinne. Lakini ningesema nimevipata wapi? Nikanyamaza na utajiri wangu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Fundi wa cherehani amenisaliti. Kumbe Jumamosi maumivu yalimzidi, akaenda zahanati, akapimwa mkojo, akapewa vidonge vya kumeza siku kadhaa. Leo amepona, yuko mtaani anahubiri. Amekuja dirishani kudai vifungo vyake. Vyote sita. Nilimpitishia chini ya pazia kimoja kimoja, naye akavihesabu kwa sauti.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Chupa zimesimama ukingoni zimepigwa na jua, zimeanza kutoa povu.

Isipokuwa mteja wangu wa sabuni. Amechukua ya sita, nayo na kikaratasi chake. Mmoja tu, lakini mwaminifu. Dawa mbaya ingeweza kumrudisha mtu mara sita?

Mkwe leo nimepishana naye uani mara nyingi sana. Anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena kabla mlango haujatulia. Anatembea ameshika kiuno. Ni mimba, nilijisemea. Kila mara nilitazama ukuta kama inavyotakiwa. Ule ukuta sasa naujua tofali kwa tofali.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Chupa ya saba ilichukuliwa asubuhi. Nilishindwa kukaa na furaha hiyo peke yangu. Nikavaa koti langu la kustaafu, nikaenda duka la dawa, makusudi, wakati kuna watu. Nikamwambia Miwani kwamba vikopo vyake ni vizuri kwa mapambo, ila mimi nina mteja, mwanamke mmoja, amekunywa chupa saba kwa siku nane na bado anataka.

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe. Bila miwani ana macho ya mtoto aliyechoka. Akauliza kama ni mtu mmoja huyo huyo. Nikasema huyo huyo. Akasema: "Mzee wangu, aliyepona anarudi kufanya nini?"

Nikajifanya nasoma bei za vikopo.

Basi akanimalizia ile "lakini" niliyoikimbia wiki iliyopita. Kwamba hata vidonge vyake ni vya kusaidia kuzuia tu, na si kwa kila mtu. Maambukizi yakishaingia hayatolewi na tunda, yanatolewa na dawa ya hospitali baada ya mkojo kupimwa. Kwamba si uchafu wa mtu. Njia ya mwanamke ni fupi, vijidudu havina safari. Mwenye mimba ndiyo zaidi, na kwake si mchezo, yanapanda kwenye figo, mtoto anaweza kuja kabla ya wakati. Akitetemeka, akiumwa ubavu, akiona damu, asingoje. Nikauliza, na kama hiyo damu hawezi kuijua kuwa ni damu? Akauliza nina maana gani. Nikasema nauliza tu.

Njiani nilitembea upesi, sijui kwa nini. Nadanganya, najua. Nilipofika nikafunga mlango, nikavuta sanduku. Vipande saba vya sabuni. Nikavipanga kitandani, kimoja kikafuata kingine, meno kwa meno. Vikawa mche mmoja mkubwa na herufi za kiwandani zimesomeka vizuri, zimekosa mbili za mwisho. Nikaenda jikoni. Zile mbili za mwisho zilikuwa rafuni, kwenye kipande kilichobaki. Kando yake kisu chetu cha mkate, chenye meno.

Nilikuwa nalipwa kwa sabuni yangu.

Nikaenda mlangoni kwa mkwe. Nikakohoa. Akaitika kwa sauti ndogo, "Karibu, Baba." Nikasema napita tu. Mlango wake uko mwisho wa ukumbi, haupo njiani kwenda popote. Nikasimama pale. Ningesema nini? Neno lenyewe halitamkwi. Nikafikiri nilipitishe kwa Serikali, kama barua. Lakini hiyo barua ina ubao ndani yake, na sanduku, na panya. Nikakohoa tena, nikarudi.

Nimesema kesho. Baada ya chai, Serikali akiwa ameshiba. Naandika neno hili kesho na mkono wenyewe unaona haya.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kesho haikungoja chai.

Serikali aliniita alfajiri kwa jina langu la kuzaliwa. Hajalitumia tangu siku ya ndoa. Mkwe alikuwa chini ya mablanketi mawili anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, mwili moto, mkono ameubana ubavuni kwa nyuma. Nikasimama mlangoni, nikatazama ukuta, nikasema yote kwa pumzi moja. Dirisha, bitiruti, ubao, sabuni. Nikasema nimejua tangu jana jioni. Hapo ndipo Serikali alipogeuka. Ningelipa ili aseme kitu.

Tulikwenda hospitali ile ile niliyostaafia. Sista mkuu bado ni yule yule, amenenepa, tumezoeana. Akamlaza mkwe, akamchukua mkojo, akatafuta wa kuupeleka maabara. Wa zamu hakuonekana. Sista akanitazama, akaninyooshea kichupa. Akasema nikipeleke mimi upesi, njia naijua.

Nimebeba vichupa miaka thelathini na moja. Nimevibeba nikipiga mluzi. Hiki kilikuwa cha mkwe wangu, kina uvuguvugu bado, na mimi baba yake. Nikakifunga kwenye gazeti, nikakitia ndani ya koti upande wa moyo. Ukumbi ule una hatua mia na arobaini, nilikuwa nazijua. Leo zimekuwa nyingi zaidi. Watu wa zamani wakanisalimia, Dokta Kichupa umerudi kazini? Sikuweza kuinua mkono, ulikuwa umekishika.

Fundi wa maabara, kijana mgeni kwangu, akakiinua kwenye mwanga. Mwekundu. Akauliza mgonjwa amekula nini chekundu, maana anataka kujua hii ni rangi ya chakula au ni damu. Kulikuwa na watu kama kumi kwenye benchi. Nikasema bitiruti. Akauliza kiasi gani. Nikasema chupa saba. Akauliza nani kampa. Nikasema ni mimi. Akaandika. Alikuwa na mwandiko wa polepole sana.

Ilikuwa damu. Bitiruti ilikuwa imeifunika tu. Sijui kwa siku ngapi. Mimi ndiye niliyeandika asiogope.

Daktari alisema maambukizi yamefika kwenye figo. Mkwe akawekewa dripu ya dawa. Wakamwekea kile chombo tumboni, sisi nje tukasikia moyo wa mtoto kupitia mlango, unakwenda mbio kama anayechelewa kazini. Daktari akasema mtoto yuko imara, ila mngekaa hadi jioni lingekuwa jambo jingine. Serikali alikaa mwisho wa benchi, mimi mwanzo wake. Katikati pangetosha watu wanne.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Homa imeshuka. Serikali akaniamuru niingie nikamwone mgonjwa. Nilikohoa mlangoni mpaka wauguzi wakataka kunipima kifua.

Mkwe alikuwa amejifunika shuka hadi chini ya macho. Mimi nilikaa nikatazama ile chupa ya dripu. Nilitayarisha maneno ya kuomba radhi, mazuri, nilikuwa nayo tangu ukumbini. Akawahi yeye kusema. Akasema nimsamehe kwa ile sabuni, hakuwa na kitu chake kingine cha kuacha. Akasema alikuwa anaona haya kumwambia Mama, baada ya yale ya mezani, asije akaonekana si msafi. Na ubao ulisema usiseme.

Halafu akasema, taratibu: "Nilijua Baba unajua ni mimi. Ulipoanza kuongeza asali. Na kile kikaratasi."

Vikaratasi amevitunza. Viko chini ya godoro lake nyumbani.

Alidhani namuuguza. Kwamba baba mkwe, kwa kuwa hawezi kusema, anasema kwa dirisha. Na mimi nilikuwa naongeza asali ili mteja asihame. Nikisema nilijua, basi nilimwacha aungue huku naona. Nikisema sikujua, nimemnyang'anya hata hivyo vikaratasi. Nikakohoa. Nikamwambia dripu inakwenda vizuri. Nikatoka nikasimama ukumbini, nikalia kidogo, uso kwenye ukuta. Nao huo sasa nimeujua.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mkwe amerudi nyumbani, na vidonge vya kumalizia, na amri ya kunywa maji mengi na kurudi kupimwa tena. Mwanangu amepiga simu. Serikali aliongea naye muda mrefu chumbani, akatoka, akanipa simu. Nikasikia mwanangu anapumua tu huko kwenye mnara wake. Mwishowe akasema, "Baba, basi." Nikasema basi.

Chakula cha mchana nilikuta mbele ya sahani yangu mche wa sabuni. Vipande vyote saba na kile cha rafuni, vimeunganishwa kwa uzi, herufi zote zimekamilika. Nimekula nikizisoma.

Baadaye akaniletea ubao na chaki. Akasimama juu yangu. Nimeandika kama alivyotaka: MKOJO UNAUMA? SEMA. NENDA KAPIME. Nimeutundika mwenyewe dirishani, fundi wa cherehani akisimamia unyoofu wake. Miwani alipita akausoma, akanisalimia kwa heshima kuliko ninavyostahili. Nimeapa mbele yao wote. Dawa, mimi, mwisho. Sijawahi kuapa nikiwa na haya kiasi hiki, kwa hiyo naamini kiapo kitadumu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mkwe ana nafuu, leo ameimba akifua. Nimetazama ukuta na nikafurahi.

Kwa kinyozi kulikuwa na mzee mmoja mgeni, amekuja kunyolewa ndevu. Alikuwa anasimulia habari za mbegu za maboga. Kwamba mwanamume wa umri wetu, mkojo ukimgomea, ukamwamsha mara nne tano usiku na ukija ni matone yenye moto, asagiwe mbegu za maboga. Sikuuliza kitu. Nilikuwa nimekaa tu. Alikuwa bado anaeleza, alikuwa ndiyo anasema "lakini", zamu yake ikafika akafunikwa taulo ya moto mdomoni.

Mimi jana usiku nimeamka mara sita. Serikali aliuliza natafuta nini, nikasema nakagua mlango. Hospitali nikienda, sista atanipa kichupa, na atakayekibeba atawaambia wote ni cha nani. Dokta Kichupa kabeba chake. Hapana. Ubao dirishani upo na ni mzuri, lakini ule unasema na wanawake.

Na hili ni jambo jingine kabisa. Lile lilikuwa jekundu. Mbegu za maboga ni za kijani.

Nimesaga wakati Serikali yuko sokoni. Maji, asali, chumvi kidogo. Nimesuuza chupa moja, nikajaza, nikaiweka ukingoni pa dirisha, nyuma ya ubao isionekane. Kisha nikatoka, nikazunguka nyumba nzima hadi kichochoroni, nikanyoosha mkono, nikaichukua bila kutazama ndani. Nikaacha kipande cha sabuni. Utaratibu ni utaratibu.

Mteja wa kwanza, basi, ameshapatikana. Ni mtu mzima, mwenye haya zake, hapendi maswali. Nimemfungia kikaratasi na asali nimeongeza. Kesho namwekea nyingine.

Akiirudia, nitajua inafanya kazi.